Anguko la Tatu

Baiskeli yangu ya kwanza ilifika ndani ya boksi. Shemeji yangu alifika dakika kumi baadaye, hakuitwa na mtu, bisibisi mfukoni.

Niseme mapema kwamba mume wa dada yangu ni fundi. Ni fundi wa majokofu, ila hayo majokofu yeye huyaona kama maelezo ya ziada tu. Kitu chochote chenye skrubu, machoni pake, ni jokofu ambalo bado halijajitambua. Ameshafungua redio ya Mama, saa ya ukutani, feni mbili na kiti cha daktari mmoja asiyejua mpaka leo kwa nini kiti chake kinalia. Na kila akimaliza kufunga hubaki na skrubu mbili tatu kiganjani, huzitia mfukoni na kusema, "Kiwandani huwa wanazidisha."

"Shemeji, kaa pembeni uangalie kazi," aliniambia, huku anachana boksi kama mtu anayefungua zawadi yake mwenyewe.

"Kuna kijitabu cha maelekezo humu," nikasema. Kilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na kifunguo kidogo cha chuma chenye umbo la L.

"Maelekezo ni ya watu wasio na mikono."

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama kidete. Maana mimi nalipwa kusoma maelekezo. Nafanya kazi kiwanda cha uchapishaji, meza ya dirishani, nakagua zile karatasi zinazokunjwa mara nane na kutiwa ndani ya boksi la dawa. Tikisa kabla ya kutumia. Weka mbali na watoto. Niliwahi kuikamata nukta moja iliyokimbia mahali pake, ikageuza moja na nusu kuwa kumi na tano, na bosi akaninunulia soda. Mtu wa namna hiyo, mwenye stashahada na jicho la mwewe, alivuta stuli, akakaa, akatazama baiskeli yake inafungwa na fundi wa majokofu huku kijitabu kimelala kwenye nailoni. Nilikuwa na furaha, na furaha inamtia mtu upofu wa kudumu kiasi cha siku thelathini na tisa. Nilikuja kuzihesabu.

Kufika adhuhuri baiskeli ilikuwa imesimama ukutani, ya samawati, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume. Mama akarudi kutoka zamu. Mama ni muuguzi wa chumba cha majeruhi, na vitu vyote vyenye magurudumu mawili huvitazama kama askari magereza anavyomtazama mfungwa aliyewahi kutoroka. Akaizunguka. Akabonyeza tairi kwa kidole.

"Nyembamba hivi," akasema. "Hii inabeba mtu au inabeba barua?"

"Mama, ndiyo tairi za lami hizi. Ukitaka kwenda mbali na kasi..."

"Kwenda mbali wapi? Kazini kwako ni kilomita mbili."

Sikumjibu, kwa sababu jibu lilikuwa la kijinga na nililipenda. Kila Jumamosi nikiwa zamu, kupitia dirisha lile la kiwandani, nilikuwa naona kundi la waendesha baiskeli likipita. Kimya, mstari mmoja, migongo imelala, mbele yao mwanamke mmoja mnene ambaye hajawahi kuonekana akihema. Nikimaliza kusoma karatasi moja ya dawa ya kikohozi, wao wako juu ya kilima. Miaka miwili nimekuwa mtu wa dirishani. Nilitaka kuwa kile kinachopita.

Mama aliondoka, akarudi jioni na kofia ngumu ya baiskeli, mpya, akaitundika kwenye msumari mlangoni. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake.

*

Nilianguka siku ya pili. Nilikuwa naingia getini polepole, nakata kona, na ncha ya kiatu changu ikagonga gurudumu la mbele. Gurudumu likakwama. Baiskeli ikalala, nami nikalala nayo, mbele ya jirani aliyekuwa anapunga mkono kunisalimia na ambaye, kwa uungwana wake, aliendelea kupunga.

Shemeji akaja kufanya uchunguzi. Alitazama kila kitu isipokuwa baiskeli.

"Unavaa kiatu namba ngapi?"

"Arobaini na mbili."

Akatikisa kichwa, kama daktari mwenye habari mbaya. "Shemeji," akasema, "baiskeli haina kosa. Baiskeli imetengenezwa kwa ajili ya mguu wa binadamu."

Tangu siku hiyo jina langu nyumbani likawa Arobaini na Mbili. Dada yangu, aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga, alikuwa wa kwanza kulitumia. "Arobaini na Mbili, chai iko tayari." "Arobaini na Mbili, pisha watu wapite, miguu yako imejaa sebuleni." Mama akasema ni miguu ya marehemu baba yangu, nisijali, ila alisema huku ameufunga mdomo kwa khanga.

Na shemeji akawa mwalimu. Mtu huyu mara ya mwisho kupanda baiskeli alikuwa anasoma darasa la sita. Lakini alikuwa ameangalia video nne kwenye simu, na video nne kwa shemeji yangu ni shahada ya uzamili. Akanifundisha kupumua. Akanifundisha kutazama mbele. Niliposema usukani ni mzito na kwenye kona unaning'ang'ania kama unataka kulala upande, akacheka kwa huruma.

"Baiskeli inausoma moyo wa mtu. Wewe unaogopa, nayo imeshakujua."

Nikamwamini! Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Kila asubuhi nilikuwa natoka nikiwa nimejifunza kutoogopa, narudi nimeogopa zaidi. Nikaanza kukata kona kwa kushuka, kusukuma, na kupanda tena, kama mtu anayevusha mbuzi. Dereva mmoja wa lori alisimama akaniuliza kwa upole kama naipeleka kwa fundi.

Anguko la pili lilikuwa wiki ya tano, kwenye mzunguko wa barabara karibu na kiwanda. Kiatu, gurudumu, lami. Safari hii nilitanguliza kidevu. Wasamaria wema walinipeleka hospitali, na wasamaria wema hawaulizi ni zamu ya nani.

Mama alivuta pazia. Akavaa glavu. Akanisafisha kidevu kwa dawa inayochoma, na hakusema "pole", neno ambalo humwambia kila mgonjwa, hata mlevi.

"Mishono mitatu," akasema. "Usitingishike."

"Mama, ni kiatu tu..."

"Nisikilize vizuri, maana sirudii. Kutwa nzima nashona watoto wa wenzangu. Sikuzaa ili nije nishone na wangu. Baiskeli ile imeangusha mtu mara mbili. Ikiangusha mtu mara ya tatu, inatoka nyumbani kwangu siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama. Sitaki kusikia kulikuwa na mchanga, sijui mbwa alipita. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Vuta pumzi."

Alipofika nyumbani alichukua kalamu yake nyekundu ya kazini, ile ya kuandikia joto la wagonjwa, akachora mistari miwili pembeni mwa kalenda ya jikoni. Kisha akaacha nafasi ya mmoja. Mama akiandika kitu, kimeandikwa.

*

Lile kundi la Jumamosi hupokea wanaoanza mara moja kila mwezi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye uwanja mtupu mbele ya kituo cha mafuta. Niliomba ruhusa kazini, nikaenda na plasta kidevuni. Niliendesha mwendo wa konokono, na kila kona nilishuka. Lolote litokee ila lisiwe la tatu.

Nilikuta watu kama kumi, wamevaa nguo za kubana zinazotoa siri za familia. Alikuwepo daktari wa meno mwenye baiskeli nyepesi kiasi kwamba alikuwa akiinyanyua kwa kidole kimoja kila anapoanza kuzungumza, asije mtu akasahau. Na alikuwepo yule mwanamke mnene wa mbele. Wenzake walimwita Kapteni. Kazi yake ni kutengeneza vyerehani, na duka lake, kumbe, liko mtaa wa nyuma ya kwetu.

"Binti mgeni, karibu," akasema. "Zunguka uwanja mara moja nikuone."

Nikazunguka. Robo ya uwanja.

"Shuka."

"Nimekosea nini?"

"Shuka kwanza, usije ukafa nikaambiwa nilikuwepo."

Nikashuka. Kapteni akachuchumaa mbele ya baiskeli, akaikodolea macho, akainama kushoto, akainama kulia. Kisha akaniita nami nichuchumae.

"Nani amekufungia hii?"

"Shemeji yangu. Mume wa dada."

"Mna ugomvi wa urithi?"

Daktari wa meno akasogea kutazama. "Loo," akasema. "Mimi nilidhani ndiyo mtindo wa mwaka huu."

Kapteni akanionyesha kwa kidole, taratibu, kama mtu anayemwonyesha mtoto herufi. Ule uma wa mbele, miguu miwili ya chuma inayoshika gurudumu, huwa umepinda kidogo kuelekea mbele. Wangu ulikuwa umepinda kurudi nyuma. Breki ya mbele, ambayo hukaa mbele, yangu ilikuwa imejificha nyuma kama mtoto aliyevunja sahani. Fundi wa majokofu alikuwa ameufunga uma kisogo mbele. Kwa hiyo gurudumu lote lilikuwa limesogea miguuni pangu, na usukani ulikuwa unapigana nami kila kona.

"Hata mwenye kiatu namba thelathini na tisa angegonga," Kapteni akasema.

Siku thelathini na tisa. Mimi, ninayeona nukta iliyokimbia, nilipanda juu ya uma uliogeuka kwa siku thelathini na tisa, nikajifunza kupumua.

"Tuugeuze," akasema Kapteni, anatoa kifunguo mfukoni. "Dakika saba."

Na mimi nikasema, "Hapana."

"Hapana?"

"Acha hivi hivi kwanza. Kuna mtu lazima aione."

"Nani?"

"Fundi."

Kapteni alinitazama kwa muda. Alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kusubiri uzi uingie kwenye sindano. "Binti, unataka kuendesha baiskeli, au unataka kushinda kesi?"

"Vyote viwili."

"Haya," akasema, akarudisha kifunguo mfukoni. "Ila usiipande. Isukume mpaka nyumbani."

Niliisukuma, kilomita nne, natabasamu peke yangu kama mwehu.

*

Jumapili mchana dada na mumewe huja kula kwa Mama. Nilingoja shemeji ashibe. Nilingoja mpaka alegeze mkanda, aegemee kiti, aanze kueleza kosa la mtu fulani kazini. Kisha nikaingia na sauti ya unyenyekevu niliyoifanyia mazoezi bafuni.

"Shemeji, nimeshindwa. Tatizo ni mimi. Labda ukinionyesha wewe mwenyewe namna ya kukata kona..."

Uso wake ukang'aa. "Sasa umeongea kama mtu mzima."

"Mume wangu," dada akasema, "una kitambi na umeshiba."

"Kitambi kinashusha uzito chini. Ni fizikia hiyo."

Tukatoka uani. Uani kwetu ni pa saruji, papana kiasi, kuna kamba ya nguo upande wa jikoni, na siku hiyo kamba ilikuwa imejaa sare nyeupe za Mama na shuka mbili. Shemeji akachomeka suruali ndani ya soksi. Nikamuuliza, kwa heshima zote, anavaa kiatu namba ngapi.

"Arobaini kamili," akasema, akainyoosha miguu yake niione.

Akapanda. Nitamtendea haki: mstari ulionyooka aliuweza. Akaenda hadi ukutani, huku anahutubia. "Tazama mabega. Mabega yamelegea. Sasa kona, shemeji, kona haikatwi na mikono, kona inakatwa na akili..." Na alipofika kwenye neno "akili" akageuza shingo atuone kama tunamwona.

Kiatu namba arobaini kiligonga gurudumu. Likakwama. Shemeji akaenda na kamba, sare nne na shuka moja, na kwa sekunde kadhaa kilichokuwa kinatapatapa pale chini kilikuwa ni hospitali nzima.

Nilimngoja atoe kichwa. Kisha nikatoa hotuba yangu. Nilikuwa nimeiandaa tangu Jumamosi asubuhi, ina utangulizi, hoja na hitimisho. Nikaonyesha uma. Nikaonyesha breki iliyojificha. Nikainua kijitabu cha maelekezo, bado kiko ndani ya nailoni yake, nikakigeuza ili kupitia nailoni waone jalada la nyuma. Palikuwa na picha ya baiskeli yenye uma uliogeuzwa, na juu yake alama kubwa nyekundu ya kukataza.

"Picha," nikasema. "Hata kusoma hakukuhitajika, shemeji. Ni picha!"

Dada alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Shemeji aliitazama picha, akaitazama baiskeli, akafungua mdomo, akasema, "Kiwandani huwa..." na kwa mara ya kwanza tangu aoe kwetu sentensi ikamfia mdomoni.

Nilikuwa na raha isiyo kifani. Nakadiria ilidumu dakika moja na nusu.

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Hakutazama sare zake chini. Alirudi ndani, tukasikia kalamu kwenye kalenda. Mstari mmoja.

"Tatu," akasema akitoka.

"Mama! Aliyeanguka ni shemeji!"

"Nilisemaje?"

Nasoma kwa ajili ya mshahara. Nilijua alivyosema, neno kwa neno. "Ikiangusha mtu."

"Shemeji yako si mtu?"

"Hapo, Mama, tukisema ukweli..." dada akaanza.

"Nyamaza wewe, kamsafishe mumeo goti."

"Lakini kosa limeshajulikana," nikasema. Sauti ya unyenyekevu ilikuja yenyewe safari hii. "Ni dakika saba tu, Mama. Dakika saba, inakuwa nzima."

"Umelijua lini?"

Nikatazama chini. "Jana. Asubuhi."

"Jana asubuhi." Mama akikasirika hapandishi sauti. Huongea kama anaongea na mgonjwa. "Ukailaza ndani ya nyumba yangu ni mbovu, na unajua ni mbovu. Leo ukampandisha mume wa dada yako, mtoto wa watu, uone akianguka. Unajua, kazini kwangu naletewa watu kila siku. Breki mbovu, tairi mbovu. Na kila mara, nikiuliza vizuri, kuna mtu alijua."

Sikuwa na hoja wala hitimisho.

"Itoke kabla jua halijazama," akasema, akaanza kuokota sare zake.

*

Nilikaa kwenye stuli ile ile niliyokalia siku ya boksi. Ilikuwa saa kumi kasoro. Nilikuwa nimepata kuendesha baiskeli yangu ikiwa nzima kwa jumla ya dakika sifuri, na dakika saba zilizokuwa zinahitajika nilikuwa nimezikataa mwenyewe, mbele ya mashahidi, ili nishinde kesi. Basi nilikuwa nimeshinda.

Shemeji akaja akichechemea, goti limefungwa bendeji. Akachukua ule mfuko wa nailoni mapajani mwangu, akauchana kwa meno, akatoa kifunguo. Kijitabu akanirudishia.

"Soma," akasema. "Mimi nageuza."

"Shemeji, samahani kwa..."

"Soma, Arobaini na Mbili. Jua linashuka."

Nikasoma. Ukurasa wa nne, hatua ya kwanza hadi ya tisa, nukta na mikato. Kila hatua aliniambia nirudie, na hakuna hatua hata moja aliyoijua kabla haijasomwa. Akalegeza skrubu za shingo ya usukani, akauzungusha uma, akaipitisha waya ya breki mbele panapostahili, akakaza. Hazikuwa dakika saba, zilikuwa arobaini. Mwishoni akapapasa saruji kwa kiganja, akatafuta chini ya stuli, akatafuta mfukoni.

"Hakuna iliyozidi," akasema, kama mtu aliyefiwa.

Nikaenda mlango wa jikoni. Mama alikuwa anakamua sare ya pili kwenye beseni.

"Mama, naitoa."

"Unaipeleka wapi?"

"Kwa mama mmoja fundi wa vyerehani, mtaa wa nyuma. Ndiye anaongoza lile kundi. Nitamwomba ilale dukani kwake." "Iwe inalala huko siku zote."

Mama alikamua mpaka tone la mwisho. Akaikung'uta sare. Akaitazama kama ndiyo iliyoongea.

"Huko ni nje ya nyumba yangu?"

"Ni mtaa wa pili."

"Basi ni nje," akasema. "Ukirudi utafua hizi zilizobaki. Na shuka."

Nikaisukuma hadi getini. Nikapanda. Sitasema niliruka kama ndege, mimi si mtu wa maneno hayo. Nitasema hivi: nilitazama kulia, na baiskeli ikaenda kulia. Hakuna kilichoning'ang'ania. Nilitazama chini nikaona kiatu changu namba arobaini na mbili kikipita mbele na kurudi, na kati yake na gurudumu pana nafasi ya kidole kizima. Nikakata kona ya geti nimekaa, bila kushuka, bila kuvusha mbuzi, nikaingia barabarani. Nikasikia mlango wa geti unasukumwa nyuma yangu, na miguu ya Mama kwenye kokoto. Nikajua anataka kuniambia neno la kunibariki.

"Kofia!"

Nilikuwa nimeiacha kwenye msumari. Barabara ya kwetu ni nyembamba, ukitaka kugeuza lazima ugeuze taratibu na usukani wote, ile kona yenyewe, iliyonilaza mara mbili na shemeji mara moja. Mama alikuwa katikati ya geti, kofia mkononi. Nyuma yake dada, na nyuma ya dada shemeji, amesimama kwa mguu mmoja.

Nikageuza. Kiatu kikapita.

Nikaipokea mkononi mwake, nikaivaa, nikafunga mkanda chini ya kidevu chenye mishono, naye akaukagua kwa kidole kama umekaza. Naye shemeji, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, alikuwa ameshaanza kumweleza jirani kwamba kona haikatwi na mikono.